Shifta, Mtu Aliyetangazwa

Mwaka 1855 shifta mmoja alivishwa taji. Alizaliwa Qwara, magharibi mwa Ethiopia, akaitwa Kassa Hailu. Alikosana na wakubwa wa nchi, akaingia porini na watu wake, akawa anavizia misafara na kuwagawia wafuasi kilichopatikana. Waliotumwa kumkamata aliwapiga, na waliotumwa baada yao akawapiga pia, mpaka nyanda za juu zikamwinamia akawa Mfalme wa Wafalme, Tewodros wa Pili. Yohannes wa Nne, aliyekalia kiti hicho baadaye, naye alianzia kwenye uasi. Wala halikuwa jambo la kufichwa. Kwa Kiamhari na Kitigrinya shifta ni mtu aliyekataa hukumu ya hakimu au amri ya bwana wake akaenda kuishi nje ya sheria, na kitenzi kilichozaa neno hilo maana yake ni kuasi. Anaweza kuwa mwizi wa ng'ombe. Anaweza kuwa mtu aliyenyang'anywa shamba. Anaweza pia kuwa mfalme wa kesho, kwa hiyo wenye akili hawakumtukana kwa sauti kubwa.

Lipeleke neno hilohilo Hulugho uone litakavyopokewa. Hulugho iko kusini mashariki mwa Kaunti ya Garissa. Mashariki yake ni Somalia, kusini ni msitu wa Boni, na ukiupita msitu uko Lamu. Gari linalotoka Masalani hupiga mchanga kutwa, na mvua zikishika vizuri haliendi popote. Kabla ya 1925 pale hapakuwa mpakani hata kidogo: Jubaland yote, pamoja na Kismayu, ilikuwa chini ya Waingereza, kisha wakaitoa kwa Italia na mstari ukahamia huku. Malisho na visima havikuhama. Mtu mzima wa Hulugho ana ndugu wa baba mmoja aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, na hilo kwake ni jambo la kawaida kama Mswahili wa Tanga kuwa na shangazi Mombasa.

Sasa kaa na wazee wa Hulugho kwenye chai, uulize habari za vita vya miaka ya sitini. Watasimulia ngamia waliopigwa risasi, visima vilivyofungwa, watu waliorundikwa kambini. Lakini neno shifta hawalitoi kwa hiari yao. Likitoka, linatoka likiwa limewekwa kinywani mwa mtu mwingine: "walituita", "walisema sisi ni". Neno lao la Kisomali kwa mnyang'anyi ni burcad, na hilo hulitumia bila wasiwasi kwa mwizi yeyote. Shifta ni neno la upande wa pili wa meza.

Maoni yangu ni kwamba serikali ya Kenya iliyolichukua neno hili mwaka 1963 ilijua inachofanya. Mwizi hana hoja. Mtu akishaitwa mwizi humwulizi anataka nini, unauliza tu yuko wapi. Kwa neno moja, swali la kisiasa ambalo lilikuwa limeulizwa kwa makaratasi, mikutano na kura lilihamishiwa kwenye faili la polisi, na huko limekaa mpaka leo.

Hili si jambo la Kenya peke yake, na ndiyo maana inafaa tutazame kidogo kwa wenzetu. Karibu lugha zote za Ulaya zina neno moja la mtu wa aina hii. Waingereza, Wafaransa, Wajerumani, Waswidi na Warusi wote husema bandit, Wahispania na Wareno husema bandido, na wote hao wamelipata Italia. Kwa Kiitaliano bandito kwa asili hakuwa mtu aliyeiba. Ni mtu aliyepigiwa mbiu. Mji ulikuwa ukimfukuza raia wake, mara nyingi kwa sababu chama chake kimeshindwa na chama kingine, mpiga mbiu anatembea mitaani akitangaza kwamba fulani si wetu tena, atakayemkuta amfanye atakavyo. Tangazo lenyewe liliitwa bando. Mtu huyo, akiwa hana nyumba, shamba wala ulinzi wa sheria, alikwenda milimani, na huko alikula alichoweza kupora. Kwa hiyo jina lilitangulia wizi. Kwanza alitangazwa, kisha akawa alivyotangazwa.

Dante mwenyewe, mshairi mkubwa wa Italia, alifukuzwa Florence kwa njia hiyo mwaka 1302 na hakurudi mpaka kufa. Kwa maana ya kwanza ya neno, alikuwa bandito.

Kadiri dola za Ulaya zilivyopata nguvu, neno likawa silaha nyepesi kubeba. Italia ilipounganishwa, wakulima wa kusini waliasi, na serikali mpya ikawaita wote wanyang'anyi. Agosti 1863 ikapitishwa Sheria ya Pica, iliyowapeleka watu wa mikoa ile mbele ya mahakama za kijeshi. Ujerumani ya Hitler mwaka 1942 ilifika mbali zaidi: Himmler aliagiza kwamba wapiganaji wa msituni nyuma ya mistari ya jeshi lake wasiitwe tena kwa jina lao la wapiganaji, waitwe majambazi, na vita dhidi yao vikaitwa hivyo katika nyaraka. Waingereza wakiwa Malaya kuanzia 1948 waliwaita wakomunisti wa msituni kwa neno hilohilo la bandit, mpaka mwaka 1952 walipoamua kwamba halina uzito wa kutosha wakawaita magaidi. Malaya ndiko pia walikohamisha watu karibu nusu milioni na kuwaweka katika vijiji vya seng'enge. Uzoefu huo haukupotea. Maofisa wa dola ile walihamahama kama walimu wa shule, na kila walipohamia walikwenda na madaftari yao.

Neno shifta lilisafiri katika mkoba huohuo. Waitaliano walipoivamia Ethiopia mwaka 1935 na kuanza kupigwa na wazalendo waliokataa kusalimu amri, waliwaita sciftà, na magazeti ya Roma yakaliandika hivyo. Angalia mzunguko huu: taifa lililozipa lugha za Ulaya neno la mtu aliyetangazwa lilifika Afrika likakuta tayari kuna neno, likalichukua, likamng'oa mfalme aliyekuwa ndani yake. Waingereza walipowafukuza Waitaliano na kutawala Eritrea kuanzia 1941 hadi 1952, walipambana na shifta wa kweli na wa kubandikwa, wakatoza vijiji faini za pamoja, na hatimaye wakatangaza msamaha. Mmoja wa watu waliojulikana kwa jina hilo zama hizo, Hamid Idris Awate, ndiye anayekumbukwa kwa kufyatua risasi za kwanza za vita vya ukombozi wa Eritrea, tarehe 1 Septemba 1961. Leo siku hiyo ni sikukuu ya taifa huko Asmara. Eritrea imemrudishia shifta wake heshima.

Huku kwetu hali ilikuwa hivi. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo wenyeji mpaka sasa huiita kwa herufi zake za Kiingereza, NFD, ilitawaliwa kama chumba cha nyuma. Tangu mwaka 1926 ilikuwa eneo lililofungwa, huingii wala hutoki bila kibali. Sheria ya 1934 ya wilaya maalumu iliwapa maofisa uwezo wa kuadhibu ukoo mzima kwa kosa la mtu mmoja. Vyama vya siasa viliporuhusiwa mwaka 1960, wakazi wakaunda chao, na dai lake kuu lilikuwa kujiunga na Somalia iliyopata uhuru Julai mwaka huo, ambayo nyota ya bendera yake ina ncha tano, moja ikiwa ni yao. Mwaka 1962 Uingereza ilituma tume ya watu wawili, Onyiuke kutoka Nigeria na Jenerali Bogert kutoka Kanada. Walizunguka wilaya zote sita za Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo, wakasikiliza watu barazani, wakaandika kwamba maeneo ya Wasomali yanataka kujitenga, karibu kwa kauli moja. Machi 1963 Uingereza ikajibu kwa kuunda mkoa wa saba, Kaskazini Mashariki, ndani ya Kenya. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Uchaguzi wa Mei, Wasomali wa mkoa ule wakaususia.

Unaweza kulipinga dai lao, na mimi nalipinga. Mipaka ya Afrika ikianza kufumuliwa kwa ukabila hakuna nchi itakayobaki na pindo. Lakini lilikuwa dai. Lilipelekwa kwa njia ambazo watu waungwana hupeleka madai, likapimwa na tume, tume ikasema ni la kweli, kisha likatupwa. Waliochukua bunduki baada ya hapo walikuwa na habari ndefu nyuma yao, na habari hiyo haimo katika neno mwizi.

Damu nayo haikuwa ya upande mmoja. Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi karibu na Modogashe pamoja na Chifu Haji Galma Dida. Wote wawili walikuwa Waborana, watu wa kaskazini hukohuko. Barabara ya katikati ya Nairobi ina jina la Wabera, na nadhani nusu ya wanaopita pale kila siku hawajui ni nani. Desemba, uhuru haujamaliza mwezi, serikali ikatangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Kuanzia hapo magazeti, redio na bunge vikawa na neno moja tu.

Mwaka 1966 watu waliamriwa kukusanyika katika vijiji vilivyolindwa, na serikali ikaviita manyatta. Sijui nani alilichagua jina hilo la boma la Wamaasai akawapa Wasomali na Waborana wa jangwani, lakini alikuwa na kipaji cha kuvuruga. Mfugaji kuwekwa pahali pamoja ni kufilisiwa, kwa kuwa mifugo haiwezi kula udongo wa kijiji. Aliyekutwa nje ya eneo lililoruhusiwa alihesabiwa kuwa adui, hata akiwa mtoto anayefuata mbuzi aliyepotea. Waborana wa Isiolo hawayaiti mambo yale vita vya shifta. Wao huita Gaf Daba, yaani wakati wa kusimamishwa. Naliona ni jina lenye ukweli zaidi kuliko la vitabuni, kwa sababu linataja kilichowapata wengi, na waliopigana walikuwa wachache.

Oktoba 1967 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Mohamed Ibrahim Egal, walikutana Arusha mbele ya Kenneth Kaunda wa Zambia, wakapatana. Vita vikaisha kwenye karatasi. Mwaka 1970 Bunge la Kenya likapitisha sheria ya kuwakinga askari na maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyafanya katika mikoa ile tangu Desemba 1963 hadi Desemba 1967. Hali ya hatari yenyewe haikuondolewa mpaka 1991. Hesabu: mtoto aliyezaliwa Hulugho mwezi wa uhuru alifikisha umri wa kuwa baba wa watoto kadhaa akiwa hajawahi kuishi chini ya sheria za kawaida za nchi yake. Humo ndani ya miaka hiyo ndimo yalimotokea mauaji ya Bulla Kartasi, Garissa, mwaka 1980, na ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika yote katika ripoti yake ya Mei 2013.

Ningeishia hapa kama ningekuwa wakili wa Hulugho. Mimi si wakili.

Vuka msitu wa Boni uteremke upande wa bahari. Kati ya Kiwayu na Kiunga palikuwa na vijiji vya Wabajuni bara, Mambore, Rubu na vingine, wakilima mtama, ufuta na pamba, wakivua, wakichonga boriti za mikoko. Miaka ile ya sitini vilivamiwa, watu wakauawa, mavuno yakachomwa, na wakazi wakapanda mitumbwi na majahazi wakakimbilia visiwani, wengine Lamu, Malindi na Mombasa. Vijiji kadhaa havijasimama tena. Kuna mitaa ya Mombasa ambamo ukimwuliza bibi wa Kibajuni kwao ni wapi anataja kijiji ambacho leo ni vichaka, na ukimwuliza kwa nini waliondoka anajibu kwa neno moja bila kusita: shifta. Huyo hakupewa neno hilo na ofisa wa Kiingereza. Alilipata kwa mtu aliyemwona usiku akiwa na bunduki. Waboni, ambao wenyewe hujiita Waaweer, waliokuwa wakiwinda na kurina asali msitu mzima, waliondolewa vichakani na serikali wakapangwa vijijini kando ya barabara ya Hindi hadi Kiunga: Basuba, Milimani, Mangai, Mararani, Kiangwe. Waliambiwa ni kwa usalama wao dhidi ya shifta. Hawakurudi kuishi kama walivyokuwa wakiishi.

Basi neno ni lile moja na kumbukumbu ni tatu, na zimetenganishwa na msitu ambao mtu mwenye miguu mizuri huukata kwa siku chache. Anayetaka neno lifutwe kwa sababu linawaumiza Wasomali awaendee kwanza Wabajuni awaambie kilichowafukuza makwao kinaitwaje.

Ndiyo maana sikubaliani na wale, na wengi wao ni marafiki zangu wa Garissa, wanaotaka lipigwe marufuku kama tusi la ukabila. Marufuku haijawahi kuua neno. Kinachonisumbua ni kitu kingine, nacho ni kuteleza. Shifta alianza akiwa mwasi mwenye bunduki. Akawa Msomali yeyote mwenye bunduki. Mwishoni mwa miaka ya sabini akawa mwindaji haramu wa ndovu, na alipouawa George Adamson, mzee wa simba, huko Kora ng'ambo ya mto Tana tarehe 20 Agosti 1989, magazeti ya Ulaya yaliwaeleza wasomaji wao kwamba ameuawa na shifta, kana kwamba ni jina la kabila. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 na bunduki zikawa rahisi, akawa mtekaji wa mabasi kati ya Mwingi na Garissa, abiria wakawa wanasafiri kwa msafara na askari mbele na nyuma. Halafu, kimyakimya, akawa abiria mwenyewe.

Hilo linaonekana vizuri kwenye daraja la Garissa. Basi la Nairobi likifika kizuizini, utingo anapiga bati, abiria wanashuka, wanapanga mstari na vitambulisho mkononi. Tazama nani anaambiwa apite na nani anaambiwa asimame kando. Mwalimu wa Kikamba aliyekuja kufundisha anapita. Mama wa Kisomali mwenye kitambulisho kilekile, kilichotolewa na serikali ileile, anaulizwa chifu wake ni nani, babu yake alizikwa wapi, kwa nini picha haifanani. Akijibu kwa Kiswahili cha kusitasita, hiyo yenyewe ni ushahidi. Hakuna siku hizi anayemwita shifta usoni, adabu imeingia kidogo. Ataitwa "warya", neno la Kisomali la kumwita mwanamume kwa mbali, ambalo sisi wengine tumeligeuza jina la kabila zima bila kujali kwamba huyu ni mwanamke. Mwaka 1989 serikali ilikuwa imekwenda mbali zaidi, ikawachuja Wasomali wote wa Kenya na kuwapa kadi za ziada za kuthibitisha uraia wao. Uchujaji wa ziada wa vijana wa kaskazini wanaotafuta vitambulisho rais aliutangaza kuwa umekwisha Februari 2025. Tutaona darajani.

Na kwa kuwa maneno hulipa kisasi, huko Somalia Wasomali wa Kenya wana jina lao: Sijui. Ndiyo, Kiswahili hichihicho. Mgarissa akifika Mogadishu, akizungumza Kisomali chenye lafudhi ya bara, akihesabu pesa kwa Kiswahili, wenyeji humwita Sijui, wakimkebehi kwa jibu lake la mara kwa mara. Kwa hiyo upande huu ni mgeni mwenye silaha na upande ule ni mjinga asiyejua kitu. Vijana wa Garissa wenyewe hulicheka jina hilo la pili na wengine hulivaa kama fulana. La kwanza sijamwona anayelivaa.

Kiswahili nacho kina aibu yake katika habari hizi. Neno letu la mtu wa namna hiyo, jambazi, wengi wa wanaochunguza asili ya maneno huliunganisha na Kiajemi janbaz, mtu anayecheza na roho yake, anayejitoa mhanga. Iran hadi leo hilo ni jina la heshima la askari walioumia katika vita na Iraki vya 1980 hadi 1988. Lilipovuka bahari likawa jina la mvunja nyumba. Sisi pia tuna kipaji cha kumng'oa shujaa ndani ya neno.

Lakini kuna neno moja la Kenya lililokwenda kinyume, na hilo ndilo linalonipa kiburi cha kuandika makala haya. Mau Mau lilikuwa jina la kutisha. Wapiganaji wenyewe walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru; jina la Mau Mau lilienezwa na wazungu na magazeti yao mpaka likawa sawa na ushetani. Serikali huru ya Kenya iliacha marufuku ya ukoloni dhidi ya chama hicho isimame kwa miaka arobaini, hadi 2003. Februari 2007 sanamu ya Dedan Kimathi ikasimikwa Nairobi. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9. Hakuna aliyesema kwamba Mau Mau hawakuua raia wala kwamba mauaji ya Lari hayakutokea. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunauliza walitaka nini kabla ya kuuliza walifanya nini. Walikuwa wakidai ardhi ndani ya nchi, mtu ataniambia, na wale wa kaskazini walidai kuondoka na ardhi. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Ndiyo sababu sisemi wajengewe sanamu. Nasema waulizwe.

Serikali imewahi kukaribia. Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta, akihutubia Bunge, aliomba radhi kwa dhuluma zilizofanywa na serikali zilizopita na akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 wa kuwafuta machozi walioumizwa. Wiki moja baadaye, tarehe 2 Aprili, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuzungumzia radhi tena. Neno gaidi likachukua kiti cha shifta siku hiyohiyo. Mwezi wa Septemba ikaanzishwa Operesheni Linda Boni katika msitu uleule, na wafugaji wa Hulugho na Waboni wa vijiji vile wakajikuta tena kati ya wenye silaha wawili. Al-Shabaab, walioshambulia chuo kile, ni wauaji na sitawatafutia kisingizio. Ila gaidi ni neno jipya lenye tabia za mzee wake: linaanza kwa mtu mmoja mwenye bomu, lisipochungwa linaishia kwa muuza nguo wa Eastleigh.

Ninalolitaka ni dogo, na linaweza kufanyika bila Bunge. Vitabu vya historia vya shule vinaviita vita vile Vita vya Shifta, kana kwamba vita vinaweza kupewa jina la tusi la upande mmoja na mtoto wa Hulugho akae darasani alikariri kwa ajili ya mtihani. Viitwe Vita vya NFD. Sura hiyo ianze na mstari uliosogezwa 1925, ifuate sheria ya 1934, kisha tume ya 1962 na kilichofanyiwa ripoti yake. Neno shifta libaki humo, lielezwe lilivyotoka Qwara, likapita Roma na Asmara na kufika barazani kwa mkuu wa wilaya, na nani alinufaika na kila kituo. Wabera na Galma Dida watajwe kwa majina. Manyatta zitajwe, na ngamia, na sheria ya 1970. Na Wabajuni wa Mambore na Rubu pamoja na Waboni wa Mangai wapewe kurasa zao humohumo, wakiwataja waliowachomea vijiji kwa neno wanalolijua wao, hata kama kurasa hizo zitawauma wazee wa Hulugho.